Nyuma ya pazia la Zuwena, kila mtu ana vidonda vya tumbo

Saa mbili kasoro asubuhi, Zuwena Nurdini anatoka tena mlangoni mwa mgahawa wake mdogo, Kanyenye, mjini Tabora. Anatazama upande wa soko, anatazama upande wa pili, kisha anarudi ndani bila kumwambia mtu anachokitafuta. Uji umeiva zamani. Anaukoroga hata hivyo. Anafuta meza iliyokwisha kufutwa, anahamisha vikombe kutoka rafu moja kwenda nyingine, halafu anatoka tena.

Ni Ramadhani, na mwaka huu imeangukia katikati ya mvua. Barabara ni matope matupu. Wapita njia wanaruka madimbwi huku wamekunja suruali na kushikilia madira.

Mlango wa mgahawa umefunikwa kwa pazia la kijani lenye maua. Mwezi huu mama lishe wengi mjini hutundika pazia, ili anayekula asimtamanishe aliyefunga. Ila la Zuwena ni refu kupita kiasi. Linaburuza chini, na kila jioni inambidi afue pindo.

"Mapazia ya wenzangu yanaishia magotini," anasema. "Wao wanaficha sahani. Mimi naficha viatu."

Anayemsubiri ni mdogo wake, Nassibu, mwenye miaka thelathini na moja, fundi viatu. Kwa kawaida hupita hapa kila asubuhi, anakunywa uji, anameza vidonge vyake na kwenda kazini. Leo ni siku ya tatu hajatokea. Zuwena amempigia simu, ikapokewa, na Nassibu akasema maneno mengi kwa haraka, yote ya furaha.

"Hiyo furaha ndiyo iliyonitia hofu," anasema. "Mdogo wangu akiwa mzima ni mnung'unikaji."

Zuwena ana miaka arobaini na minne. Amepika hapa tangu alipoachika, na mgahawa huu ndio uliomsomeshea binti yake, Aya, ambaye sasa ameolewa Nzega. Miezi ya kawaida anauza wali, maharage na chapati kwa mafundi na wenye maduka, na siku nzuri hubaki na faida ya shilingi elfu ishirini. Ramadhani biashara hufa. Wenzake wengi hufunga milango mpaka saa za futari.

Yeye hafungi. Mwezi huu anapikia wagonjwa.

Ilianza na Nassibu mwenyewe. Kijana huyu ana maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha. Yakimpandisha halali, anasema bila kituo na anatembea mpaka miguu imvimbe. Miaka sita iliyopita, katikati ya mfungo, alitoka nyumbani akashika njia ya mashariki, ile waliyopita watu wa misafara zamani na ambayo sasa reli inaifuata. Walimpata Kigwa, kwenye stesheni, akiwashonea abiria viatu bure kwa sindano isiyokuwa na uzi.

"Abiria walikuwa wamemzunguka wanacheka," Zuwena anakumbuka. "Na yeye anashona tu, kwa makini, kama kazi ya harusi. Nililia pale pale mbele za watu."

Hospitalini wakagundua kwamba alikuwa ameacha dawa ya asubuhi ili afunge na wenzake. Daktari akamweleza vizuri. Kwake tatizo si njaa peke yake, ni usingizi pia. Akiamka daku usiku baada ya usiku, maradhi yanapata mlango. Kwa hiyo asifunge, ale asubuhi, ameze dawa, alale usiku kucha.

Hata masheikh wa mji huu hawana neno na hilo. Kila mwaka hutangaza misikitini kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa ipo," anasema Zuwena. "Kinachotisha ni swali linalofuata. Watu wakikuona unakula mchana watakuuliza, unaumwa nini? Mwenye kisukari anajibu kifua mbele. Mwenye presha anajibu, tena anaongeza na idadi ya vidonge. Sasa wa kwangu ajibu nini?"

Ndipo akatundika pazia. Mwaka wa kwanza lilikuwa fupi kama ya wenzake, na Nassibu ndiye aliyeona kasoro. Nusu ya viatu vya Kanyenye vimepita mikononi mwake. Alisimama ng'ambo ya barabara, akatazama miguu chini ya pazia, akamtajia dada yake majina ya wote waliokuwa ndani.

Zuwena akaenda kwa Mzee Soud, mwenye duka la vitambaa, ambaye ukoo wake umeuza nguo mjini hapa tangu enzi za babu wa babu yake. Alipomtajia urefu anaoutaka, mzee akashusha miwani.

"Bibi, unafunika mlango au unaivisha nyumba?" akamuuliza. Kisha akampimia, na wala hakudadisi zaidi.

Habari zikaenea kimya kimya, kwa jinsi zinavyojua kwenda habari za watu wanaojificha. Mmoja alimleta mwenzake waliyejuana kliniki, naye akamleta shemeji yake. Siku hizi, asubuhi ya kliniki, mabenchi hujaa. Wanakuja na viatu vyao mkononi na kuviweka kwenye beseni pembeni. Uji wa kumezea dawa ni shilingi mia tano, na asiye nayo hunywa bila kuulizwa.

Na wote hao, ukiwauliza wanaumwa nini, watakwambia vidonda vya tumbo.

"Hapa kwangu kila mtu ana vidonda vya tumbo," Zuwena anacheka. "Ni ugonjwa mzuri ule. Hauonekani, hauambukizi, na unaruhusu kula."

Martha, mama wa makamo anayetoka Choma, wilayani Igunga, kumleta binti yake kliniki, ni Mkristo na hana sababu ya kujificha mfungo. Naye hukaa nyuma ya pazia.

"Basi la kwetu likifika, kuna watu wananijua," anaeleza, akishikilia kikombe kwa mikono miwili. "Wakiniona hapo nje watauliza nimekuja mjini kufanya nini. Mtoto bado hajaolewa."

Vidonda hivyo viliwahi kuwachanganya hata wasomi. Mwaka juzi ilifika Tabora timu ya watafiti wa chuo kimoja, kutaka kujua kwa nini wagonjwa wengi wa akili huacha dawa na kurudi wodini katika miezi ile ile. Walikuja na gari kubwa jeupe lenye maandishi ya utafiti wa afya ya akili, herufi moja ukubwa wa sufuria. Dereva akaliegesha mbele ya mgahawa wa Zuwena.

"Wateja wangu walitoka kwa mlango wa uani mpaka wa mwisho," anasema. "Siku ile niliuza chapati mbili tu, zote alikula dereva."

Tekla, mmoja wa watafiti hao, hakatai. Walikwenda nyumba kwa nyumba, anasema, na kila walipokaa familia nzima ilikaa nao. "Tunamuuliza baba wa miaka arobaini analalaje. Mama yake anajibu, shangazi anasahihisha, jirani anachungulia dirishani. Unadhani yeye atasema nini? Kwenye majibu yetu, Kanyenye ilikuwa na vidonda vya tumbo vingi kuliko mahali popote nilipowahi kufanyia kazi. Nilidhani ni maji."

Ni yeye mwenyewe aliyetia shaka. Aliliacha gari, akaja kwa miguu, akakaa nyuma ya pazia, na watu walipomzoea wakaanza kuzungumza. Wengi hawakuwa wameacha dawa kwa sababu ya umbali au madhara yake, kama watafiti walivyodhani. Waliacha kwa sababu ya mama mkwe, mwenye nyumba, mpangaji wa chumba cha pili.

Naye aliacha jambo kwa Zuwena. Alimwambia kwamba baadhi ya wagonjwa, kulingana na dawa zao, wanaweza kufunga salama endapo kliniki itawapangia saa nyingine za kumeza.

"Nilikuwa nawakaripia wote wanaotaka kufunga," Zuwena anakiri. "Kumbe wengine wangeweza, wangeuliza tu. Lakini kuuliza nako ni kujitaja."

Nassibu si katika hao wanaoweza. Na mwaka huu Nassibu ana posa.

Binti anaitwa Tunu, anauza vifaa vya shule, na walijuana alipompelekea kiatu kilichochomoka kisigino. Posa ilipelekwa kwao, mtaa wa Isevya, kabla ya mfungo. Wazee wakapokelewa vizuri, wakaambiwa jibu litatoka baada ya Idi. Wakati wa kuagana, mama yake Tunu, Mwanahawa, akauliza tu, kwa wema, kama kijana ataweza kuja kufuturu nao siku moja moja.

"Nikasema atakuja, ila yeye hafungi," Zuwena anasimulia. "Akaniuliza, kwani ana nini? Nikamwambia vidonda vya tumbo. Lilinitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Nimelisema mara ngapi humu ndani!"

Tatizo la Mwanahawa ni kwamba ni mtu mwema kupita kiasi.

Kaka yake anarina asali misitu ya Kigwa. Juma la kwanza la Ramadhani dumu zima la asali likamfikia Nassibu, pamoja na maelekezo. Vijiko viwili alfajiri, viwili wakati wa kufuturu, tumbo lipumzike mchana kutwa. Na vidonge vya hospitali aviache kabisa, maana hivyo ndivyo vinavyotoboa tumbo. Tena asihangaike kuamka peke yake, aje kula daku kwao.

Zuwena hakuambiwa lolote. Alichoona ni kiti kitupu asubuhi. Na leo, wakati anafuta meza ile ile, mteja mmoja anamwambia amepita kwenye kibanda cha Nassibu na kukuta ametundika kandambili nyingi mpya.

"Nzuri sana," anasema mteja. "Ila zote za mguu wa kushoto."

Zuwena anaweka kitambaa chini. Anamwomba Martha aangalie sufuria, anajifunga kanga, anatoka. Hatembei, anakimbia, na matope yanamrukia mpaka kiunoni.

Kibandani, Nassibu yuko katikati ya vipande vya matairi, macho mekundu, kisu mkononi, anaongea na mteja ambaye amekwisha kuondoka. Nyuma yake zimepangwa kandambili za kushoto, safi, zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Dumu la asali liko chini ya benchi, limefunikwa kwa kipande cha ngozi.

"Nassibu. Dawa unameza?"

"Dada, kaa. Nimepata wazo. Mguu wa kushoto ndio unaochakaa kwanza, nimechunguza mji mzima, kwa hiyo mtu akinunua—"

"Nimekuuliza dawa."

Ananyamaza. Inamgharimu kunyamaza. Vidole vinaendelea kucheza juu ya benchi.

"Mama wa watu kaniletea asali kwa mkono wake," anasema hatimaye. "Ananiamsha daku kama mwanawe. Nimwambie nini? Kwamba asali yake haina kazi? Wewe ndiye uliyenipa ugonjwa mwingine, dada. Sasa wananitibu huo."

Zuwena anasema hakuwahi kusikia maneno yaliyomchoma kama yale. Alitamani matope ya barabarani yammeze. Anachukua kisu mkononi mwa mdogo wake, taratibu, anafunga kibanda, anasimamisha bajaji.

Kliniki wanapokewa na Eustadia, muuguzi anayemjua Nassibu tangu aliporudishwa kutoka Kigwa. Hafoki. Anawapeleka kwa daktari, dawa inarudishwa, na anampa Zuwena agizo moja: Nassibu alale. Wamewahi mapema, anasema. Wangechelewa juma moja, lingekuwa jambo la wodi.

Usiku ule na uliofuata Nassibu analala kwa dada yake. Kutoka Isevya simu inaita, inaita tena. Mwanahawa anauliza mgonjwa wake mbona haji daku, au tumbo limezidi? Zuwena anaitazama simu mpaka inyamaze. Akimwambia ukweli, huenda posa imekwisha. Asipomwambia, dumu la pili litakuja.

"Sikukaa, sikulala, sikula nikashiba," anasema. "Nilikuwa nakwenda mpaka mlangoni na kurudi. Nilitaka nikaseme mimi, mambo yake yaishe bila yeye kuona haya. Nassibu akakataa. Akaniambia, ulinisemea mara ya kwanza, inatosha."

Siku ya nne, alasiri, ndugu hao wawili wanakwenda Isevya. Nassibu amevaa kanzu na kubeba dumu. Amekonda kidogo, anasema polepole, na njiani ananung'unikia bajaji, matope na joto. Zuwena anayasikiliza manung'uniko hayo kwa raha.

Mwanahawa yuko uani anapika futari, matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Ni mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mama Tunu," anasema Zuwena.

"Marahaba. Karibuni! Mbona mnairudisha asali, mmegombana na nyuki?"

"Shikamoo, mama," anasema Nassibu. Analitua dumu. "Mama, mimi sina vidonda vya tumbo."

Mwanahawa anainua mikono juu. "Alhamdulillahi! Nilisema mimi! Asali ya Kigwa hii, si mchezo."

"Hapana, mama. Sijawahi kuwa navyo."

Mikono inashuka. Nassibu anaendelea, macho ameyaelekeza kwenye sufuria. Anasema anaumwa maradhi ya akili, miaka mingi sasa. Anameza dawa za hospitali kila siku. Akiziacha, au asipolala, anapotea, na juma hili alianza kupotea. Tunu anajua, alimwambia kabla ya posa na kumwomba asimwambie mtu. Wengine aliwaficha kwa sababu aliogopa.

Mwanahawa anarudi kwenye sufuria. Anakoroga matobolwa. Zuwena anasema alihesabu maua yote ya dira la yule mama na kuanza upya.

"Kwa hiyo nimemwamsha mgonjwa usiku," Mwanahawa anasema mwishowe, kama anayesema peke yake. "Nikamwambia atupe dawa."

"Hukujua, mama."

"Sikujua kwa sababu hamkusema." Sauti haina mzaha tena. Anafunika sufuria. "Haya. Nendeni, magharibi imekaribia. Asali iacheni hapo."

Wanarudi kwa bajaji. Kwa Zuwena, maneno hayo ya kuiacha asali ni jibu tosha: posa imekwisha. Anaposimulia anafunika uso kwa upande wa kanga, kwa sababu aliona mdogo wake akitazama dirisha la Tunu mpaka bajaji ilipokata kona.

Asubuhi ya siku inayofuata, pazia ni lile lile na manyunyu yanaanza. Wateja wanaingia mmoja mmoja, viatu mkononi. Zuwena ameshakwenda mlangoni na kurudi mara zisizo na idadi. Nassibu anakuja kwa saa yake. Anasimama mlangoni, anavua makubadhi yake, yale yenye uzi mwekundu ambayo kila mtu Kanyenye anajua ni ya fundi mwenyewe.

Hayaingizi ndani. Anayaacha nje ya pazia, mbele ya barabara nzima, anaingia na kukaa.

"Viatu vyako," Zuwena anamnong'oneza.

"Nimeviona, dada. Nipe uji."

Ndani, wote wameinua macho kutoka kwenye vikombe. Martha ametazama beseni, akatazama mlango. Nassibu anatoa vidonge, na hapo hapo pazia linafunuliwa bila hodi.

Ni Mwanahawa. Amefunga, midomo imemkauka, na amebeba chupa ndogo ya asali iliyomiminwa kutoka kwenye dumu.

"Nusura nikosee mlango," anasema. "Bahati nimeyaona makubadhi." Anaiweka chupa mezani. "Nimepita hospitali kwanza. Nimeuliza, asali haigombani na dawa yako. Tia kwenye uji, umeze."

Nassibu anajaribu kushukuru. Mwanahawa anamkatiza.

"Ya posa sina mamlaka nayo. Baba yake ana maswali mengi, na jibu litatoka baada ya Idi kama tulivyosema. Huenda ukalipenda, huenda usilipende. Lakini mtu akiumwa, ameze dawa." Kisha anakaa benchini, pale pale, katikati ya watu wanaokula, na hana haraka ya kuondoka.

Zuwena anageukia jiko, mgongo ukiwaelekea wote. Anapoulizwa baadaye anatarajia nini, hagusi habari ya harusi. Anainama na kushika pindo la pazia lililolowa matope.

"Mwakani, Mungu akitufikisha, nalikata shubiri moja," anasema. "Mwaka wa pili nyingine. Nataka kabla sijazeeka lifike magotini, kama ya wenzangu."

Nje mvua imeanza kukaza. Makubadhi ya Nassibu yako pale mlangoni, na kando yake ndara za mama Tunu, vyote vinalowa, na hakuna aliyetoka kuviingiza ndani.